Kunguni wa Kisanduku cha Tatu

Mkono wangu wa kulia unachora na wa kushoto unaliwa. Ndivyo tulivyogawana kazi, mimi na mikono yangu, tangu nilipoamua kuwa mtafiti wa kunguni. Asubuhi nikifika maabara naweka chai mezani, nakunja shati mkono wa kushoto, nachukua chupa iliyofungwa kitambaa chepesi mdomoni, naigeuza na kuibana kwenye ngozi. Wao wanakula kupitia kitambaa. Mimi, kwa mkono uliobaki, nachora. Wakishiba wanavimba, ngozi inatanuka, kila kinyweleo kinaonekana peke yake, na hapo ndipo wanapopendeza zaidi kuchorwa.

Najua umekunja uso. Kila mtu anakunja. Shangazi yangu huwaambia watu kwamba nafanya kazi kitengo cha damu, na ukitafakari vizuri utaona hakudanganya.

Kwenye taasisi yetu ya wadudu watafiti wenzangu wananiita Msanii. Kwao hiyo si sifa. Maana yake ni kwamba huyu ana kalamu za rangi, msimpe fungu la utafiti. Nikienda kwenye maonyesho ya wachoraji, wao wananiita Dokta, maana yake huyu anahesabu vinyweleo, msimpe ukuta. Profesa wa Nzi, ambaye amekuwa akichunguza nzi tangu mimi sijazaliwa na hajawahi kumsifia mtu yeyote asiye na mabawa, aliwahi kusema kwenye semina, mbele yangu, kwamba picha ni za watoto wa chekechea na sayansi ni majedwali. Halafu akasimama kutoa mada yake, na nusu nzima ya mada ilikuwa picha za yeye mwenyewe akipeana mikono na wakubwa.

Nina kanuni moja tu ya kazi, na ndiyo iliyoleta vurugu nitakayoisimulia. Sichori nisichokiona. Mwalimu aliyenifundisha kuchora viumbe alikuwa akipita nyuma ya viti vyetu na kuuliza, "Umeona au umedhani?" Ukijibu umedhani, karatasi yako inachanwa pale pale. Kwa hiyo sijawahi kuchora dunia inayotabasamu wala mbu aliyeshika rungu. Kama mguu wa kunguni umekatika kwenye hadubini, na kwenye karatasi yangu umekatika. Wengine wanaita ukaidi. Mimi naona ni adabu kwa mdudu.

Basi, kunguni niliokuwa nao mwaka ule nilitoka nao kwa dada.

Dada yangu ameolewa na fundi wa redio, mtu mpole, mcheshi, ila mbele ya mama yake sauti inamkauka. Mama huyo, mama mkwe wa dada, alikuja kukaa kwao kwa sababu paa la nyumba yake lilikuwa linavuja. Alikuja na sanduku, mto, na godoro lake mwenyewe, maana mgongo wake haukubali godoro la watu. Fundi wa paa alikuwa anakuja wiki ijayo. Kila wiki alikuwa anakuja wiki ijayo. Baadaye watoto wakaanza kuamka na vipele, na mama mkwe akatoa hukumu pale sebuleni bila hata kupandisha sauti.

"Mimi kwangu sijawahi kuviona hivi vitu," alisema. "Hivi ni vya nyumba isiyofagiliwa."

Dada akafagia. Akapiga deki, akachemsha mashuka, akaanika magodoro, akasugua vitanda kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka na kutoa damu. Akanunua dawa ya kupuliza, ile yenye nembo ya taasisi yetu kwenye kopo na neno "Imethibitishwa" kwa herufi nyekundu. Akapuliza. Akapuliza tena. Kunguni wakaendelea na maisha yao. Akanipigia simu, analia.

"Mdogo wangu, si wewe ndiye uliyewasomea hawa? Njoo basi uwaambie watoke."

Nilikwenda na tochi, brashi na chupa. Nikakagua kila mshono wa godoro, kila tundu la msumari, nyuma ya kila picha ukutani. Nikakagua nyumba nzima isipokuwa chumba cha mama mkwe. Nilifika mlangoni, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi, akafunga mlango taratibu. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu ingawa siku ile jua lilikuwa linachoma, na mimi nikaona huyo ndiye mtu mzima anayejiheshimu. Na hata angeuacha mlango wazi, nani mwenye malezi mazuri anaweza kuingia chumbani kwa mama mkwe wa dada yake akaanza kugeuza godoro? Nikaondoka na chupa imejaa kunguni wa kitanda cha dada.

Maabara niliwapulizia dawa ile ile ya kopo. Nikakaa na penseli kwenye hadubini, tayari kuchora mdudu anavyokata roho. Nikasubiri. Mmoja alijifuta vipapasio kama mtu aliyetoka kuoga, akaendelea na safari. Nikarudia siku nyingine, nikaongeza kipimo, nikabadilisha kopo. Hawakufa. Walikuwa wameizoea dawa. Nikaandika ripoti nikaitia michoro: kunguni hawa hawafi kwa dawa hii, na ufagio hauhusiki, maana kunguni hafuati uchafu, anafuata damu. Nikaipeleka kwa Mkurugenzi kwa mikono yangu miwili. Nilipoingia tena ofisini kwake niliikuta chini ya birika la chai, inazuia meza isiungue.

Kwa dada mambo yakawa yanaharibika. Mama mkwe akasema kikao cha familia kiitishwe baada ya mwisho wa mwezi. Pendekezo lake lilijulikana kabla ya kikao: mwanawe achukue watoto wahamie kwa shangazi yao kwa muda, mpaka mke ajifunze kukaa na nyumba.

"Kwa muda," dada aliniambia. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, amenyoosha mikono yake juu ya meza, imechubuka mpaka kwenye viganja. "Akienda hatarudi. Namjua mume wangu. Hana ubaya, ila hawezi kumkatalia mama yake. Na mimi si mchafu. Mungu wangu, mimi si mchafu."

"Najua."

"Wewe kujua kunanisaidia nini? Mwambie yeye. Yule anaamini kitu kikitoka ofisini. Mimi nikisema, anasikia kelele tu."

Nikamwambia taasisi inaandaa bango la kunguni, litabandikwa zahanati zote na shule zote, na mchoraji ni mimi. Bango litasema ukweli, na mama mkwe atausoma ukiwa na nembo. Dada alinikumbatia akalia begani kwangu. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba, najiona mkombozi.

Halafu kamati ikakaa.

Chumba chetu cha mikutano kina meza ndefu, viti vinavyozunguka na projekta inayowaka siku ikijisikia. Mkurugenzi alikaa mwanzo wa meza, Profesa wa Nzi alikaa dirishani, na Bwana Habari alisimama. Bwana Habari ni mkuu wetu wa mawasiliano, mwanaume wa suti ya kubana anayeamini kwamba hakuna tatizo duniani, kuna upungufu wa kauli mbiu tu. Alikuwa amekuja na ya kwake tayari.

"Fagia, Puliza, Lala Salama!" alitangaza, mikono hewani.

Nilipoona Fagia imetangulia, nilijua dada yangu amekwisha.

"Visanduku vitatu," akaendelea. "Cha kwanza, kunguni mzima. Cha pili, kunguni anapuliziwa. Cha tatu, kunguni amekufa. Yuko chali, miguu juu, macho ya msalaba. Mtoto mdogo akiona anaelewa."

Nikatoa rasimu. Kisanduku cha kwanza kilikuwa tayari, na nilikuwa nimekifanyia kazi mpaka macho yakaniuma. Mkurugenzi alikitazama kwa mbali, halafu kwa karibu, halafu kwa mbali tena.

"Ana miguu mingi sana," alisema.

"Sita, Mkurugenzi."

"Hatuwezi kupunguza? Wananchi watashtuka."

"Sita ni sawa," Profesa wa Nzi alisema kutoka dirishani. "Ila kwa nzi inakaa vizuri zaidi."

Bwana Habari akauliza kama kunguni wa kisanduku cha kwanza anaweza kutabasamu kidogo, ili wadau wasijisikie vibaya. Nikauliza wadau gani. Akajibu, "Wadau wote," na Mkurugenzi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo ni jambo la kufikiriwa. Tulilifikiria. Chai ikaletwa, tukalifikiria tena. Mwishowe ikaamuliwa kwamba kunguni asitabasamu lakini pia asinune.

"Na cha tatu?" Mkurugenzi aliuliza. "Hapa ni peupe."

"Cha tatu sijakiona," nikasema.

"Hujakiona vipi?"

"Sijamwona amekufa. Nimewapulizia mara nyingi, hawafi. Imo kwenye ripoti."

Mkurugenzi alitupia jicho upande wa ofisini kwake, upande wa birika. "Takwimu zako hazijakomaa," alisema. "Na kwani lazima umwone? Si unachora tu?"

"Sichori nisichokiona."

"Mbona watu wanachora malaika?" akadakia Bwana Habari.

"Hao wamepewa kazi ya malaika. Mimi nimepewa ya kunguni."

"Dokta," Mkurugenzi alisema. Akiwa na shida na mimi huwa ananiita Dokta. "Kwenye hadubini labda hafi. Kwenye mchoro anakufa. Nani atakuja kumpima presha?"

Walicheka mpaka Profesa wa Nzi akavua miwani kufuta machozi. Mimi nilikasirika, na sikuificha hasira yangu, nikasema kwamba mama wa watu ataangalia mchoro huo, atapuliza, hawatafa, na atakayeonekana mchafu ni yeye, si dawa. Bwana Habari akasema hiyo ni changamoto nzuri, tuiweke kwenye kumbukumbu za kikao.

Wangeweza kuniondoa wampe kazi mtu mwingine. Lakini safari iliyopita walimchukua mchoraji wa nje, akachora kupe mwenye mabawa, na taasisi ikachekwa kila ilikopita. Kwa hiyo walinihitaji, na mimi nilihitaji bango, na kisanduku cha tatu kikabaki cheupe kikao baada ya kikao. Mpaka siku moja Bwana Habari akapiga meza kiganja.

"Anataka kuona? Tumwonyeshe! Siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi, Mkurugenzi anawapulizia kunguni walio hai. Kamera juu ya sahani, projekta ukutani. Wanakufa, mchoraji anaona, anachora pale pale kwenye bango lenyewe. Tunageuza kamera, watu wanaona mkono unachora. Sayansi imekutana na sanaa. Mubashara!"

Uso wa Mkurugenzi ukang'aa. Ilikuwa wazi kwamba tayari alikuwa anajiona kwenye koti jeupe.

"Hapo utakuwa umemwona, au siyo?" aliniuliza.

"Nitakuwa nimemwona."

"Na utachora utakachokiona."

"Nitachora nitakachokiona. Lakini Mkurugenzi, nakwambia mapema, hawatakufa."

"Wewe lete wadudu, Dokta. Kufa tuachie sisi."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Wakifa, kanuni yangu itanilazimisha kuwachora wamekufa, na dada yangu ameumia. Wasipokufa, nimemwaibisha Mkurugenzi mbele ya mgeni wake, na mimi nimemwaga unga. Nikampigia dada, nikamwambia amlete mama mkwe kwenye uzinduzi, ofisi inaalika wananchi.

"Na wakifa je?" dada aliuliza.

"Wakifa nitachora wamekufa."

"Hata kwa ajili yangu huwezi kutia chumvi kidogo?"

"Siwezi, dada. Nikitia mimi, wao wakitia, mama mkwe ataamini ya nani?"

Alikata simu bila kuaga. Hajawahi kunifanyia hivyo maisha yake yote, na iliniuma.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa maua ya plastiki, na viti vikavalishwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo mgongoni. Mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa wa wizara, alichelewa kiasi cha kuonyesha kwamba ni mgeni rasmi. Bango lilikuwa limesimamishwa kwenye mbao jukwaani, visanduku viwili vya rangi na kimoja cheupe kama jino la bandia. Wapokezi walimwona mama mkwe ni mtu mzima, wakamkalisha safu ya mbele kabisa. Dada alikaa pembeni yake, mikono ameificha chini ya mkoba. Hakunitazama.

Zilitolewa hotuba. Profesa wa Nzi alipewa nafasi ya kutoa neno fupi kuhusu kunguni, akazungumzia nzi. Ndipo Mkurugenzi akavaa koti jeupe ambalo mikunjo ya pakiti ilikuwa bado haijatoka, na Bwana Habari akawasha projekta, ambayo siku hiyo ilijisikia. Kunguni wangu wakatokea ukutani, kila mmoja na ukubwa wa ng'ombe. Watu wakainua miguu kutoka sakafuni. Mgeni rasmi alikumbatia mkoba wake.

"Adui huyo!" Bwana Habari alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Na sasa, mwisho wake!"

Mkurugenzi akapuliza. Nilikaa mbele ya bango, penseli mkononi, macho kwenye sahani. Mmoja aliyumba. Akasimama. Nikasema kimoyomoyo, ndiye huyu, anakufa, nimemmaliza dada yangu. Akanyoosha mguu wa nyuma, akajifuta, akaanza kutembea.

"Puliza tena, Mkurugenzi," Bwana Habari alinong'ona, kipaza sauti kikiwa wazi, ukumbi mzima ukasikia.

Akapuliza tena. Kunguni wakatembea. Wawili walipanda ukingo wa sahani, wakaangalia, wakarudi.

"Mchoraji, chora!" Mkurugenzi alisema kwa tabasamu la meno tu.

"Bado namsubiri, Mkurugenzi."

Nyuma ya ukumbi mtu aliangua kicheko, na kicheko kikaanza kusogea mbele safu kwa safu. Mkurugenzi akashika kopo kwa mikono miwili na kulibana mpaka likaanza kukohoa. Mgeni rasmi naye akaanza kukohoa. Leso zikatoka. Na kutoka kwenye taa ya jukwaani nzi mmoja akaanguka, akatua juu ya meza yangu, chali, miguu juu, amekufa kabisa. Profesa wa Nzi aliinuka kwenye kiti chake, akainama juu yake, akamtaja jina lake la kitaalamu kwa sauti ya msiba.

"Mchore huyo basi," Bwana Habari aliniambia kwenye sikio, jasho linamtiririka. "Mchore huyo, umpe miguu ya kunguni."

"Wote wana sita," nikamjibu, nikageukia bango.

Kamera ilikuwa imekwisha kugeuzwa kwenye karatasi, kama yeye mwenyewe alivyopanga. Ukumbi mzima ukaona mkono wangu ukutani. Nikachora nilichokiona. Mgongo kwanza, halafu kichwa, halafu miguu mmoja mmoja, yote imekanyaga chini. Nikachora tone la dawa juu ya mgongo wake, linameremeta, analibeba anaondoka nalo. Watu walinyamaza. Sijawahi kuchora mbele ya watu walionyamaza hivyo, na nakiri nilipendezwa.

"Kwa hiyo hafi?" mgeni rasmi aliuliza kutoka nyuma ya leso.

"Hafi kwa dawa hii, mheshimiwa. Kwa joto kali anakufa. Kwa dawa hii anaoga."

"Na hii kauli ya kufagia?"

"Kufagia ni vizuri. Lakini kunguni hajui sakafu yako ikoje, wala haimhusu. Yeye anataka mtu aliyelala. Anaingia nyumba ya mfagiaji na ya asiyefagia, anasafiri kwenye sanduku, kwenye mto, kwenye godoro, bila kumuuliza mtu cheo."

Nilisema hayo nikimtazama mama mkwe, kusudi ausikie ukweli ukiwa na nembo nyuma yake. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kisanduku cha tatu, uso hausomeki, na mkono wake mmoja umeshika mkono wa gauni lake na kuuvuta mpaka kwenye vidole.

Mkurugenzi si mtu wa kukwama. Alivuta pumzi, akakohoa, akatangaza kwamba taasisi iliandaa onyesho hili makusudi, ili kumwonyesha mgeni rasmi kwa macho yake jinsi fungu la utafiti linavyohitajika. Akapigiwa makofi mengi. Mgeni rasmi akaahidi fungu. Profesa wa Nzi alinifuata baadaye akaniomba, kwa sauti ya chini na huku akiangalia pembeni, kama naweza kumchorea yule nzi.

Unga sikuumwaga, ila nilihamishiwa chumba cha karibu na choo, ambacho bahati nzuri kina dirisha kubwa na mwanga mzuri wa kuchorea. Dawa imebadilishwa kopo. Bango lilichapishwa na limebandikwa kila mahali, huenda umeliona. Kisanduku cha kwanza kunguni mzima, cha pili kunguni anapuliziwa, na cha tatu ni picha ya Mkurugenzi, ametabasamu.

Lakini bango lenyewe, lile la mkono wangu, halikwenda kwa mchapaji. Wao walikuwa wamekwisha kupiga picha visanduku viwili, wakaona inatosha. Siku ile ile, watu walipokuwa wanagombea soda, mama mkwe alikuja jukwaani akasimama mbele yake.

"Naomba hiyo karatasi," aliniambia. Hakusema kwa nini. Nikaibandua, nikaikunja, nikampa.

Kikao cha familia kilikaa wiki iliyofuata, sebuleni kwa dada, na mimi niliitwa. Shemeji alikaa kwenye ukingo wa kiti, anapekecha bisibisi aliyosahau kuiacha kazini. Shangazi wa watoto alikuwa amekwisha kutandika vitanda kwake. Dada ndiye wa mwisho kuingia, ndoo mkononi, maana alikuwa anapiga deki mpaka dakika wageni wanaingia, na hakujua aiweke wapi, akabaki nayo amesimama.

Mama mkwe aliikunjua karatasi juu ya meza. Akaipapasa kwa kiganja ilale. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha tatu, pembeni ya mdudu, bila kumgusa.

"Mlisoma shule," alituambia wote. "Huyu mnamwona anatembea?"

Tukaitika.

Ndipo akaanza kukunja mkono wa gauni. Aliukunja taratibu, pindo kwa pindo, mpaka juu ya kiwiko. Niliutambua mkono ule, kwa sababu mimi ninao wa namna hiyo, wa kushoto. Makovu ya zamani chini, mapya juu yake, mengine yamekunwa mpaka yakawa meusi. Makovu ya zamani yalikuwa mengi, mengi kuliko miezi aliyokaa katika nyumba hii.

"Mama," shemeji alisema, na sauti ikamkauka kama kawaida. "Mama, mbona... Si ulikuja kwa sababu ya paa?"

"Paa langu halivuji," alisema mama mkwe. "Halijawahi kuvuja."

Shangazi wa watoto aliinamisha macho sakafuni, kwenye sakafu ile inayong'aa. Mama mkwe akainuka, akaenda mpaka aliposimama dada, akaishika ndoo, na kwa kuwa vidole vya dada havikutaka kuiachia, akavifungua kimoja kimoja, akaiweka ndoo chini. Akabaki ameishika ile mikono iliyochubuka, anaitazama kama ambaye hajawahi kuiona.

"Nilifagia na mimi," alimwambia. "Nilifagia mpaka nikakimbia."

Dada akaanza kulia. Mama mkwe hakuiachia mikono yake. Alinigeukia mimi, macho yake mekundu lakini sauti ile ile ya kutopanda.

"Na wewe uliyewasomea, ile tochi yako unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi nenda kageuze godoro langu," alisema. "Mlango uko wazi."